Chumvi ya Gongoni na Dirisha la Leza



Nianze na kipimajoto. Wakati wa korona ulikuwa huingii benki wala dukani kabla bawabu hajakuelekezea kile kipimajoto cha mkononi kwenye paji la uso. Hakikugusi. Kinasoma miale ya joto inayotoka mwilini mwako, miale ambayo jicho haliioni, na ambayo wataalamu huiita infraredi. Sasa chukua kioo safi cha dirisha, ukiweke kati yako na bawabu yule. Yeye atakuona vizuri, hata vifungo vya shati lako atavihesabu, lakini kipimajoto chake hakitakuona. Kitasoma joto la kioo, basi. Kisha ondoa kioo, na mahali pake weka kipande cha chumvi, chumvi yenyewe hii ya mchuzini, ila iwe imekuzwa ikawa bonge moja gumu lisilo na ufa, halafu ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Kipimajoto kitapenya chumvi ile na kukusoma wewe.

Habari hii inatuhusu sana sisi wa Kilifi. Toka Malindi ushike barabara ya Garsen, upite Mambrui, na ukifika Gongoni utaanza kuona vilima vyeupe. Kuanzia hapo hadi Marereni na Kurawa ni mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, jua la kaskazi na upepo vikayakausha, kisha vibarua wakaingia kukomba na kubeba. Chumvi inayoliwa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka ufuo huu wa Magarini, na nyingine huvuka mpaka kwenda Uganda na kwa majirani wengine. Gunia huuzwa kwa uzani wake. Hakuna mnunuzi anayeuliza chumvi hiyo inapitisha mwanga gani. Lakini huko duniani, kwa zaidi ya miaka 150, wamekuwapo watu walioitafuta chumvi kwa sababu hiyo tu.

Aliyelionyesha jambo hili waziwazi alikuwa Mtaliano, Macedonio Melloni, mzaliwa wa Parma. Malindi tumewazoea Wataliano wa hoteli na mikahawa, na huyu naye anastahili kujulikana kwetu. Miaka ya 1830, akiwa amekimbilia Paris kwa sababu za kisiasa, alikuwa akiweka vipande vya madini mbalimbali mbele ya vitu vyenye joto, mara taa, mara chuma cha moto, mara chombo cha maji yanayochemka, na kupima ni joto kiasi gani linalopita. Kioo kilipitisha sehemu ya joto la taa, lakini joto la maji yanayochemka kikalizuia karibu lote. Chumvi ya mwamba ilipitisha kila joto karibu sawasawa, liwe la taa au la maji.

Baada yake akaja John Tyndall, ambaye mwaka 1859 alianza majaribio yake katika Royal Institution mjini London. Alitaka kujua kama hewa nayo hufyonza joto. Alihitaji bomba refu lililozibwa ncha zote mbili, hewa ibaki ndani lakini miale ya joto ipite. Kioo kisingefaa. Akaziba kwa mabamba ya chumvi ya mwamba. Ndipo akaona kwamba mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi hufyonza miale ya joto, huku oksijeni na naitrojeni zikiiacha ijipitie. Mvuvi wa Ngomeni na mkulima wa Ganze, wanaosikia kila mwaka kuhusu dunia kuzidi joto na mvua kukosa mpango, wajue kwamba sehemu kubwa ya msingi wa elimu hiyo ilipimwa kupitia dirisha la chumvi.

Kwa nini chumvi iwe hivyo? Ndani ya kila kitu kigumu atomu hutikisika, na kila kitu kina mwendo wake wa kutikisika. Miale ikija na mpigo unaolingana na mwendo huo, hufyonzwa na kugeuka joto. Katika kioo, atomu za silikoni na oksijeni ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu, kwa hiyo hutikisika haraka, na mpigo wao hukutana na ule wa miale ya joto. Katika chumvi, sodiamu na klorini zimeshikana kwa ulegevu zaidi. Hutikisika polepole, na miale hupita bila kupata wa kuipokea. Potasiamu ni nzito kuliko sodiamu, kwa hiyo ndugu ya chumvi yetu, potasiamu kloraidi, hutikisika polepole zaidi, na kwa miale hii ni dirisha lililo wazi zaidi.

Sasa tuje kwenye leza. Mwaka 1964, C. Kumar N. Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs huko Marekani, alitengeneza leza inayotumia kaboni dayoksaidi. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6. Hiyo ni miale ya joto hasa, jicho haliioni, na kioo huimeza yote kabla haijapenya hata unene wa ukucha. Leza za namna hiyo zilikua upesi zikawa zinatoa maelfu ya wati, zikakata chuma na kuunga vyuma. Lakini gesi ya leza imefungiwa ndani, na mwanga lazima utoke. Kwa hiyo lazima pawe na dirisha, na dirisha hilo likifyonza japo kidogo tu cha kinachopita, litaungua.

Hiki kidogo ndicho kiini cha mazungumzo ya leo, kwa hiyo niruhusu nikihesabu. Chukua leza ya wati 10,000. Pitisha mwanga wake kwenye fuwele ya sodiamu kloraidi safi, yaani chumvi yetu, yenye unene wa sentimita 1. Takriban wati 10 zitabaki ndani. Sehemu 1 kwa 1,000. Ukisikia waweza kusema si kitu. Lakini mwanga wa leza hupita katikati ya dirisha, kwa hiyo katikati ndiko kunakopata joto, na pembeni kukabaki baridi. Sehemu yenye joto hutanuka, uso ukafura kidogo, na namna fuwele inavyopinda mwanga ikabadilika. Dirisha likageuka lenzi ambayo hakuna aliyeitaka. Mwale uliokuwa ukilenga kitone kimoja ukapoteza shabaha. Ukizidisha nguvu, fuwele hupasuka. Potasiamu kloraidi iliyosafishwa kweli kweli, kwa unene uleule, hubakiza chini ya wati 1 katika zile 10,000. Tofauti hiyo, kutoka wati 10 kushuka hadi chini ya 1, ndiyo iliyotafutwa na maabara za Marekani katika miaka ya 1970: maabara ya jeshi la anga kule Massachusetts, maabara ya jeshi la majini mjini Washington, na maabara ya kampuni ya Hughes huko California. Pesa zilitoka jeshini, zikitafuta silaha za leza. Hilo tulitaje wazi. Elimu iliyopatikana, hata hivyo, leo iko viwandani na hospitalini.

Na hapa ndipo habari hii inaponishika mimi. Watu wa hesabu walikuwa wamekwisha kukokotoa kiasi ambacho fuwele safi ingepaswa kufyonza. Vipande halisi, vilivyotoka tanurini, vilikuwa vikifyonza mara nyingi zaidi. Kulikuwa na kitu ndani. Walipochunguza walikuta mabaki ya naitreti, salfeti, baikaboneti, na alama za maji, kwa kiwango cha sehemu chache katika milioni. Uchafu huo una oksijeni iliyoshikana kwa nguvu na mwenzake, na hutikisika haraka kuliko chumvi inayouzunguka. Salfeti, kwa mfano, hufyonza sana karibu na mikromita 9, jirani kabisa na mwanga wa leza yetu. Chumvi ya mezani yenye usafi wa sehemu 97 kwa 100 inakubalika kwa kula. Ile iliyobaki, sehemu 3 kwa 100, ni sehemu 30,000 kwa milioni. Kwa dirisha la leza huo ni uchafu wa kutisha.

Sasa rudi Gongoni uyatazame yale maji. Katika kila kilo ya maji ya bahari mna gramu 10.8 hivi za sodiamu na gramu 19 za kloraidi, na anayefuata ni huyuhuyu salfeti, gramu 2.7. Kisha magnesiamu gramu 1.3, na kalsiamu na potasiamu kila mmoja gramu 0.4. Adui amelala bwawa moja na chumvi. Lakini watu wa mabwawa wana njia ya kuwatenganisha, tena wanaijua vizuri. Maji yakianza kukolea, chokaa hutangulia kutua, ikifuatwa na jasi, ambayo imebeba kalsiamu na sehemu ya salfeti. Maji huhamishiwa bwawa jingine, jasi ikaachwa nyuma. Yakibaki kama sehemu moja ya kumi, chumvi huanza kuanguka. Na kabla hayajakauka kabisa, yale maji machungu yenye magnesiamu na potasiamu hutolewa nje, yasije yakaiharibu chumvi. Mwenye kusimamia kazi hii husoma uzito wa maji kwa kipimo, husoma upepo, na huogopa mvua isiyotarajiwa. Anachofanya ni kutenga vitu kwa kuviacha vigande kimoja baada ya kingine. Maabara ya California ilianza na kazi hiyohiyo, kisha ikaendelea pale ambapo Gongoni huishia.

Iliendelea namna gani? Chumvi huyeyushwa upya na kugandishwa upya, tena na tena, kila mara uchafu ukibaki kwenye maji. Kisha hutiwa tanurini. Sodiamu kloraidi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, potasiamu kloraidi kwenye 770. Pale Hughes walivumbua njia ya kupitisha mvuke wenye klorini juu ya chumvi iliyoyeyuka, na klorini ikawa inafukuza mabaki ya maji na oksijeni ambayo kuchemsha peke yake hakuwezi kuyatoa. Halafu punje ndogo ya fuwele, ndiyo mbegu, hugusishwa juu ya kile kiowevu, ikavutwa juu taratibu, milimita chache kwa saa, na fuwele ikaota chini yake. Ikipozwa kwa haraka, itapasuka. Mwisho huja kupima: kipande hubandikwa kipimajoto chepesi kuhisi, leza hupitishwa katikati, na fundi akahesabu kimepanda kwa sehemu gani ya nyuzi moja. Bila kipimo hicho hakuna ajuaye kama usafi umeongezeka. Mimi naona kupima ndiko nusu ya kazi yote.

Chumvi ina udhaifu ambao mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa. Hunyonya unyevu. Hewa ikifikia unyevu wa sehemu 75 kwa 100, sodiamu kloraidi huanza kuyeyuka yenyewe juu ya uso wake, na hewa ya Malindi hupita kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku na wakati wa masika. Magnesiamu ikiwamo ndani, huanza mapema zaidi, ndiyo maana chumvi ghafi hulia maji kwenye kikapu. Dirisha la chumvi likiachwa wazi usiku mmoja Kilifi litaamka na ukungu, na ukungu huo ni maji, na maji hufyonza mwanga wa leza. Potasiamu kloraidi huvumilia hadi karibu 84, lakini nayo ni laini, msumari huikwaruza. Walijaribu kuiongezea nguvu kwa kuikandamiza ikiwa na joto ili chembe zake ziwe ndogo ndogo, au kwa kuichanganya na strontiamu kidogo. Ilisaidia. Haikutosha.

Iliyoshinda sokoni ni zinki selenaidi, kitu cha rangi ya manjano kinachotengenezwa kwa kuvikutanisha mvuke wa zinki na gesi yenye seleniamu, tabaka juu ya tabaka. Katika zile wati 10,000 hubakiza wati 5 hivi, yaani hufyonza zaidi ya potasiamu kloraidi nzuri, lakini haijali unyevu na ina nguvu. Ukienda kwa fundi wa Mombasa au Nairobi anayekata mbao na plastiki kwa mashine ya leza, kutengeneza vibao vya majina na vikombe vya washindi, ile lenzi ya manjano mwisho wa mashine yake mara nyingi ni hiyo. Na fundi mwenye uzoefu anajua hili bila kufundishwa fizikia: lenzi ikishika vumbi na moshi, hupata joto na kupasuka. Tahadhari kwa mafundi wanaonisikiliza: lenzi hiyo ikivunjika au ikiungua, usivute vumbi wala moshi wake. Seleniamu ni sumu.

Kuna njia nyingine, na ilinishangaza nilipoisoma. Almasi hufyonza mwanga huu wa mikromita 10.6 mara nyingi zaidi kuliko chumvi. Lakini almasi hupitisha joto mara tano hivi kuliko shaba, kwa hiyo joto linaloingia katikati hukimbilia pembeni na kupozwa kwa maji kabla halijaleta madhara. Kwa leza zenye nguvu kupita kiasi, almasi ndiyo inayowekwa. Kampuni ya ASML ya Uholanzi, ambayo mashine zake huchora sakiti ndogo kabisa za simu mpya, hutumia leza ya kaboni dayoksaidi kutoka kampuni ya Trumpf ya Ujerumani kupiga vitone vya bati, vitone 50,000 kwa sekunde, na madirisha ya almasi yamo katika kazi hiyo. Jirani zetu Tanzania wana mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Lakini almasi za madirisha hazitoki Mwadui wala mgodi mwingine wowote. Hukuzwa ndani ya mashine, kutokana na gesi ya methani. Aliye na mgodi hakupata kitu hapo, aliyejua kuikuza ndiye aliyepata.

Na sisi Kenya tumekwisha kuliona jambo la namna hii. Kimwarer, kule Bonde la Kerio, kwa miaka mingi palichimbwa floraiti, ambayo ni kalsiamu floraidi, ikasafirishwa hadi bandari ya Mombasa na kupakiwa melini ikiwa unga. Fuwele za kalsiamu floraidi zilizokuzwa kwa usafi hutumika kwenye lenzi na madirisha ya leza za urujuanimno. Floraiti yetu ilienda zaidi kutengeneza asidi na kuyeyusha aluminiamu. Mgodi ulifungwa, na ujuzi wa kukuza fuwele hatukubaki nao, kwa kuwa hatukuwahi kuuanza.

Ngomeni penyewe, hatua chache kutoka mabwawa ya chumvi, pana historia nzito kuliko hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini, roketi ilipandisha setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala. Vyombo vyake vilitazama eksirei kutoka angani kupitia madirisha membamba ya beriliamu, madini yanayoziacha eksirei zipite. Dirisha jingine, mwanga mwingine, swali lilelile la nini kipite na nini kizuiwe. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sisi tulitoa bahari na ikweta.

Wala siwezi kuzungumza juu ya chumvi ya Magarini nikaacha wenyewe. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara Malindi kuhusu malalamiko ya ardhi, ya vibarua na ya mazingira katika eneo la chumvi, na ikatoa ripoti mwaka 2006. Mtu aliyehamishwa shamba la babu yake hatafurahishwa na habari za leza, na ana haki. Lakini bidhaa inayouzwa kwa gunia itaendelea kumlipa kibarua kwa gunia. Gharama ya chumvi yenyewe ndani ya kipande cha fuwele cha maabara ni ndogo mno. Kinacholipiwa ni kazi ya kuitoa salfeti, kuitoa magnesiamu, kuyatoa maji, na kuthibitisha kwamba yametoka.

Sidai kwamba Kilifi itauza madirisha ya leza mwaka ujao. Ninachokiona kinawezekana ni kitu cha chini kidogo. Maabara za kemia zenye mashine za kupima vitu kwa infraredi hutumia vipande vidogo vya sodiamu kloraidi na potasiamu bromaidi, na hapa kwetu hununuliwa kutoka nje. Kipande cha sodiamu kloraidi cha upana wa sarafu hakihitaji usafi wa jeshi la anga. Kinahitaji tanuri la kufika nyuzi 850, mkono mtulivu, sanduku kavu la kukihifadhi dhidi ya unyevu wetu, na mtu wa kukipima. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini, mabwawa yako Gongoni, na kati yao hakuna hata kilomita 100. Serikali ya kaunti ina uwezo wa kuwaita pande zote mbili wakae pamoja, na ingekuwa vyema iwaite kabla ya kaskazi, wakati mavuno yanapoanza.

Nanyi walimu wa kidato cha nne, kipimo cha salfeti mnacho tayari katika mtaala: matone ya bariamu kloraidi, na salfeti ikiwamo hutokea mashapo meupe. Sharti mwalimu mwenyewe aishike chupa hiyo, maana bariamu iliyoyeyuka ni sumu. Chukueni chumvi ghafi ya Gongoni, iyeyusheni, ichujeni, igandisheni, pimeni. Kisha rudieni kwa zile fuwele zilizopatikana, mkimwaga maji yaliyobaki. Andikeni kila mara mashapo yalikuwa mazito kiasi gani, na ni katika mzunguko wa ngapi hayakuonekana tena. Mkipata majibu, nitumieni kupitia kituo hiki. Nitayasoma hewani, pamoja na jina la shule.